Lubumbashi: i9-14900K inagonga nyuzi 100 mwezi huu wa kumi. Nibadili kipoza au nibadili prosesa?

Katuba_Fremu

Jambo bandugu wote. Naandika toka Lubumbashi, Katuba. Kabla sijachomoa dola naomba mniangalizie jambo hili.

Mashini: Core i9-14900K, mazabodi ya Z790, DDR5-6000 GB 32, RTX 4070 Ti, pawa saplai ya wati 850, na kipoza cha maji chenye radieta ya milimita 360. Vyote ni mkono wa pili, nilivichukua kwa mtu wa migodini aliyekuwa anarudi kwao. Kioo ni 1440p cha 165 Hz. Nacheza sana Counter-Strike 2 na Warzone. Cyberpunk 2077 ni ya siku za mvua.

Mwezi wa sita na wa saba mambo yalikuwa safi, mnajua baridi ya huku, asubuhi mtu anavaa koti. Sasa joto limeingia, chumba changu kiko chini ya mabati, na HWiNFO, ile programu ya kusoma joto na wati, inanionyesha nyuzi 100 kila Warzone inapotayarisha sheda (vijiprogramu vya kuchora picha za mchezo). Ndani ya mchezo wenyewe inatembea 85 hadi 92. Feni zinalia mpaka mama mwenye nyumba ameniuliza kama ninasaga unga.

Niko na dola 600 hivi. Ninunue kipoza kikubwa zaidi, au niuze i9 na mazabodi yake niingie Ryzen 7 9800X3D, prosesa ya AMD? Aksanti.

Temeke_Gamer

Mkuu, 360 kwa 14900K ni ndogo. Weka 420, feni sita, tatu zisukume na tatu zivute. Pate, ile dawa iliyo kati ya prosesa na kipoza, toa hiyo, weka metali ya kimiminika. Kazi imekwisha.

Fundi_Kamalondo

Tusikimbilie dukani. Katuba, fungua HWiNFO, tafuta mstari wa CPU Package Power, yaani wati inazokula prosesa, wakati sheda zinatayarishwa. Halafu ingia BIOS, programu ya msingi ya mazabodi, angalia PL1 na PL2, yaani vikomo vya wati, zimeandikwa ngapi. BIOS yenyewe ni ya lini? Bila namba hizo tutakuwa tunapiga ramli hapa.

Na hiyo metali, Temeke, ina galiamu. Ikigusa aluminiamu inaila, ikidondoka kwenye mazabodi inaunganisha nyaya. Mtu aliye mbali na duka la vipuri usimpe ushauri huo kirahisi hivyo.

Katuba_Fremu

Yaya, nimeangalia. Sheda: wati 295 hadi 312. Ndani ya Warzone 150 na kitu. PL1 na PL2 zote zimeandikwa 4096. BIOS ni ya mwisho wa 2023.

Fundi_Kamalondo

Basi njo hapo. Hiyo 4096 maana yake hakuna kikomo, mazabodi imeiambia prosesa itumie umeme kadiri inavyotaka. Intel wenyewe wameiandikia 14900K wati 125 za msingi na 253 za juu kabisa. Yako inapita hapo kwa karibu wati 60. Nyuzi 100 ndiyo dari yake: ikigusa hapo inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Ukileta radieta ya 420 leo, prosesa isiyo na kikomo itachukua ile nafasi uliyoipa, itapandisha wati, na utaiona 100 ileile. Utakuwa umelipa ili chumba kipate joto zaidi.

Halafu kuna jambo watu hawalipimi. Kipande cha silikoni cha i9 hiyo ni kama milimita za mraba 257. Wati 300 zinapita katika eneo hilo dogo, zivuke solda, zivuke kifuniko cha shaba, zivuke pate, ndipo ziyafikie maji. Foleni iko pale mwanzoni. Fanya hivi: prosesa ikisoma 100, shika bomba la kipoza kwa mkono. Likiwa na uvuguvugu tu, radieta yako bado ina nguvu na shida iko kabla ya maji. Likiwa la moto hasa, hapo ndipo uanze kuifikiria radieta, au vumbi lililoiziba, au pampu iliyochoka.

Ila BIOS ndiyo inanitia wasiwasi kuliko joto lenyewe. Prosesa za Core za kizazi cha 13 na 14 za daraja hilo ziligundulika kuwa na tatizo la volteji kupanda mno, na iliyochakaa kwa njia hiyo hairudi ujanani. Intel walitoa maikrokodi 0x129 (maelekezo ya ndani ya prosesa, yanakuja na BIOS mpya) Agosti 2024, inayozuia maombi ya kupita volti 1.55, ikafuata 0x12B Septemba ya mwaka uleule, kisha 0x12F Mei 2025. Zote zinakinga, hakuna inayoponya. Waliongeza pia miaka 2 ya dhamana juu ya ile 3, lakini dhamana ya prosesa ya mkono wa pili, mnunuzi wa kwanza kesha panda ndege… hiyo tuiweke pembeni.

Dalili inayojulikana zaidi: mchezo unafunga wakati wa kutayarisha sheda na kudai kumbukumbu ya kadi ya picha imekwisha, na wewe unaiona iko tele. Umekutana na hilo?

Katuba_Fremu

Hapana, haijawahi kufunga. Bomba nimelishika: ni la moto kiasi, si la kuunguza. Radieta ina vumbi jekundu, sikatai, hapa uani tunapikia makala, yaani mkaa, na dirisha langu linaangalia mbabula, jiko lake, moja kwa moja.

Ninaogopa kubadili BIOS. Umeme wetu mnaujua. Ukikatika katikati je?

Mama_Wati

Mwanangu, la umeme niachie mimi, ni kazi yangu hapa Bel-Air.

Angalia nyuma ya mazabodi yako, kwenye matundu ya USB. Z790 nyingi zina kitufe kidogo kilichoandikwa Flash au Flashback. Hicho kinaandika BIOS kutoka kwenye flashi bila hata prosesa kufanya kazi, na umeme ukikatika katikati unaanza upya tu. Kama unacho, hofu yako imekwisha. Soma kitabu cha mazabodi, faili lazima lipewe jina wanalolitaka na flashi iwe FAT32. Kama huna, fanya asubuhi sana kabla watu hawajawasha pasi na majiko, mashini ikiwa kwenye UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika. Mashini iliyotulia ndani ya BIOS haili wati nyingi, UPS ndogo inatosha kwa dakika hizo. Jioni usijaribu.

Sasa nizungumzie hizo wati 312, kwa sababu nyinyi wacheza michezo mnaziona kama suala la joto peke yake. RTX 4070 Ti imeandikiwa wati 285. Jumlisha na i9 yako ikiwa wazi, ongeza pampu, feni, diski na kioo, umekwisha kuvuka 600. UPS ya 650 VA ambayo watu wengi wanayo mezani hubeba wati 360 hadi 390. Ndiyo maana unasikia mtu anasema "UPS yangu haifai, umeme ukikatika na mashini inazima palepale." UPS ni nzima, mzigo ndio umeizidi.

Na wati zote hizo, kila moja, zinaishia chumbani. Kipoza hakiliui joto, kinalihamisha toka kwenye prosesa mpaka kwenye shuka zako. Chumba cha mita tatu kwa tatu chini ya mabati, wati 600, saa mbili za mchezo: hewa inayoingia kwenye radieta si ile ya nyuzi 31 uliyoanza nayo. Chumba kikipanda nyuzi 5, prosesa nayo inapanda karibu 5. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, sogeza kesi isikae konani, ifungulie njia ya hewa moto kutoka dirishani. Na mbabula ihamishwe upande wa pili wa ua, mama mwenye nyumba ataelewa ukimweleza vizuri.

Jambo lingine, hili halimo kwenye video za Wazungu na Wachina. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 11. Goma na Bukavu, mita 1,500 hivi, ni kama asilimia 14. Feni inazungusha ujazo uleule, ila ndani ya ujazo huo hewa ni pungufu, na inabeba joto pungufu. Mtu akipima kipoza akiwa usawa wa bahari akapata nyuzi 60 juu ya joto la chumba, wewe kwa makadirio yangu ongeza 4 hadi 6. Si jambo la kuogopesha, lakini usishangae namba zako zikikataa kufanana na za YouTube.

Mwambao_FPS

Mama, mimi niko Mombasa, hewa nzito tunayo tele lakini chumba ni nyuzi 31 mwaka mzima, na chumvi inakula skrubu za kesi. Tubadilishane, nichukue hiyo baridi yenu ya mwezi wa saba.

Mama_Wati

Haha, njoo na koti.

Temeke_Gamer

Naheshimu wote, lakini kitu kimoja hakiniingii. Hii prosesa ilitoka kwa dola 589. Maneno yenu yanaelekea kumwambia aifungie wati zake halafu mnaita huo uboreshaji? Niambieni basi anapoteza fremu ngapi.

Fundi_Kamalondo

Swali zuri, na jibu ni chache kuliko unavyodhani.

14900K ina viini 24: vikubwa 8 na vidogo 16. Wati 300 zinatoka pale viini vyote 24 vinapokimbia pamoja, yaani kutayarisha sheda, kukandamiza video, kuchora picha za 3D. Mchezo haufanyi hivyo. Mchezo unachosha viini vichache vikubwa, vingine vinasubiri. Ndiyo maana Katuba mwenyewe kasema ndani ya Warzone ni 150 na kitu. Ukiweka PL1 na PL2 kwenye 160, ndani ya mchezo kikomo hakimgusi kabisa au kinamgusa kidogo. Kitakachochelewa ni sheda.

Tena zile wati za mwisho ndizo ghali kuliko zote. Ili kupata megahezi mia mbili tatu za mwisho, volteji lazima ipande, na matumizi ya umeme yanapanda kwa mraba wa volteji. Kiwanda kinaziweka ili namba za kwenye boksi zipendeze.

Sasa Katuba, kabla hujaitamani 9800X3D, jipime. Ingia Counter-Strike 2, ramani moja, sehemu moja, andika fremu. Shusha azimio mpaka 1080p na picha za chini kabisa. Fremu zikiruka juu sana, aliyekuwa anakubana ni GPU, yaani kadi ya picha, na prosesa mpya haitakupa kitu kwenye 1440p yako. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo inayobana. Warzone nao vilevile. Nataka kuziona namba hizo kabla mtu hajataja duka.

Lava_Nyeusi

Salamu toka Goma. Mmetaja vumbi jekundu nikacheka, kwa sababu nyinyi mnalo vumbi la udongo. Letu ni mawe ya Nyiragongo yaliyosagwa na magari. Ni jeusi, lina ncha, linakwaruza. Likiingia kwenye beringi ya feni unasikia kabisa. Na majivu ya volkano yakipata unyevu yanapitisha umeme, sasa fikiria msimu wa mvua, ziwa liko pale, dirisha wazi.

Nilivyofanya: feni za kuingiza hewa ni nyingi kuliko za kutoa. Hewa ikijaa ndani inatoka yenyewe kwenye vitundu, vumbi halipati njia ya kuingilia huko. Mbele nimetandika soksi ndefu ya nailoni, ile ya akina mama, imevutwa ikakaza. Inapunguza hewa kidogo, lakini naivua, naifua, naianika, maisha yanaendelea. Nikisafisha kwa kompresa ya kwa mtengeneza matairi, kwanza naiachia itoe maji yaliyomo, halafu nazishika feni kwa kidole zisizunguke. Feni ikizungushwa na kompresa inakuwa jenereta, umeme unarudi kwenye mazabodi.

Mama_Wati, kuhusu hewa nyepesi nakubali, ila msisahau upande wa pili: huku chumba changu ni nyuzi 21 au 22 karibu mwaka mzima. Nikilinganisha na jamaa yangu wa Kinshasa anayecheza kwenye nyuzi 31, milima inaninyang'anya 6 na kunirudishia 9. Siulizwi nani anashinda.

Radi_ya_Ibanda

Samahani kuingilia uzi wa mwenyewe, lakini wataalamu mko hapa. Niko Bukavu. Nina Ryzen 5 3600 kwenye B450, kipoza ni kile kidogo kilichokuja ndani ya boksi. Kuna mtu anauza 5800X3D. Itaingia? Na kipoza hiki kitatosha?

Fundi_Kamalondo

Itaingia, soketi ni ileile ya AM4. Lakini badili BIOS 3600 ikiwa bado ndani. Ukiitoa kwanza unaweza kukuta mazabodi haiitambui mpya na huna kitu cha kuiwashia.

Kipoza hicho hapana. 5800X3D imeandikiwa wati 105, na boksi lake halikuja na kipoza, AMD walikuwa na sababu. Ile kashe (kumbukumbu ya haraka ya ndani ya prosesa) ya ziada, inayofikisha jumla ya MB 96, imekaa juu ya viini, kwa hiyo joto linapanda ghorofa moja zaidi kabla ya kutoka. Dari yake ni nyuzi 90. Tafuta mnara wa shaba na aluminiamu wenye feni mbili za milimita 120. Thermalright Peerless Assassin 120 SE ni wa bei ndogo na unaitosha kabisa.

Na hili ulisome mara mbili: AM4 ina pini chini ya prosesa, 1331. Pate ya zamani ikikauka inagandisha kipoza na prosesa, ukivuta juu kwa nguvu vinatoka pamoja na pini zinapinda. Cheza mchezo nusu saa ili pate ilegee, zima, chomoa waya, kisha zungusha kipoza kushoto na kulia taratibu mpaka kiachie chenyewe. Ndipo uinue.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akuonyeshe pini kwa tochi.

Radi_ya_Ibanda

Aksanti sana mukubwa. Tochi ninayo.

Katuba_Fremu

Nimepima kama Fundi alivyosema. Counter-Strike 2: kutoka 1440p hadi 1080p ya chini fremu zinaongezeka kidogo sana, ila tayari ziko juu ya 300 na kioo changu ni cha 165. Warzone: zinaongezeka mno. Kwa hiyo kwa Warzone ni GPU?

Fundi_Kamalondo

Ni GPU. Na kwenye CS2 prosesa inabana, lakini inabana mahali ambapo kioo chako hakifiki. Dola zako 600 zingeenda kununua fremu usizoziona.

Temeke_Gamer

Hapo nanyoosha mikono kwa upande wa prosesa. Lakini kwa mtu anayeanza leo, 9800X3D ndiyo mwisho wa maneno, sivyo?

Fundi_Kamalondo

Kwa michezo, imo katika zilizo juu kabisa. Hata mimi ningejenga leo ningechukua hiyo au 7800X3D, na sababu yangu kubwa kuliko fremu ni wati. Zote mbili zimeandikiwa 120, kikomo chao cha kweli kwenye soketi ni 162, na ndani ya mchezo zinakula chini ya hapo kwa mbali. Mtu anayetegemea UPS, au betri na sola kama wengi wetu tunavyoanza kufanya, hiyo ni tofauti ya kucheza au kukaa gizani.

Tofauti yao ni hii. 7800X3D ya Aprili 2023 ina kashe juu ya viini kama 5800X3D. 9800X3D, Novemba 2024, waliigeuza: kashe iko chini, viini viko juu karibu na kipoza. Ndiyo maana dari ilipanda toka 89 hadi 95 na wakaifungua ili watu waisukume. Lakini usidanganyike ukaona 80 ukadhani kipoza kibovu. Kile kipande chenye viini ni kama milimita za mraba 70. Wati ni chache, eneo nalo ni dogo, kwa hiyo namba inapanda haraka na maji hayakusaidii sana kuliko mnara mzuri. Ukitaka kuituliza, tumia Curve Optimizer, mpangilio wa BIOS wa kupunguza volteji, upande wa hasi, anza na 15, jaribu wiki nzima kabla ya kuongeza. Au Eco Mode, mpangilio wa kubana matumizi, ya wati 65, ambayo kwenye soketi ni 88.

Mwenye kununua mazabodi ya AM5, soketi ya prosesa hizo mbili, ya mkono wa pili aibadili BIOS kabla ya kitu kingine chochote. Mwaka 2023 zilikuwepo zilizopeleka volteji ya SoC, sehemu moja ya ndani ya prosesa, juu mno hadi 7800X3D zikaungua. BIOS za baadaye zinaishia volti 1.3.

AMD wamesema soketi hiyo wataendelea nayo mpaka 2027 na zaidi. LGA1700, soketi ya Katuba, ndiyo imefika mwisho wa barabara, i9 yake ni karibu kilele cha soketi hiyo.

Katuba_Fremu

Na kipoza cha maji, nikibakishe au niende mnara?

Mama_Wati

Kinachofanya kazi usikitupe. Lakini kikifa, mimi ningechukua mnara.

Mnara una kipande kimoja tu kinachoweza kufa, feni. Feni ya milimita 120 unaipata hapa mjini hata siku ya Jumapili, na ukiikosa kabisa utafunga yoyote kwa kamba za plastiki na utacheza. Pampu ikifa huna la kufanya, mashini inaweza kuzima hata kabla Windows haijafunguka, na unasubiri mzigo wa Dubai au Johannesburg. Nimeletewa moja iliyokufa baada ya umeme kurudi kwa kishindo. Pampu ilikuwa imechomekwa kwenye kidaraja cha SATA cha bei ya chini, kidaraja ndicho kilichoungua, pampu nzima. Hiyo ilikuwa bahati.

Na maji yenyewe yanapungua polepole kupitia kwenye mabomba, miaka ikienda. Ukianza kusikia mlio wa maji yanayochuruzika, hewa imeingia kwenye pampu. Radieta ikae juu ya kesi, au mbele mradi kilele chake kipite juu ya pampu, ili hewa ikusanyike huko.

Temeke_Gamer

Na uzito je? NH-D15 ni zaidi ya kilo na robo. Barabara zetu hizi?

Mama_Wati

Hapo umenipata, ni kweli. Kesi inayosafiri na mnara mzito ndani, toka Kasumbalesa mpaka hapa ni kilomita 90 hivi, na huko nyuma imekwisha kutingishwa toka Dar kupitia Tunduma. Mnara usafiri nje ya kesi, ndani ya boksi lake. Kadi ya picha nayo. Anayekuambia "nimeweka sponji, haitatikisika" muulize kama yeye ndiye atakayekaa juu ya lori.

Fundi_Kamalondo

Katuba, ukifungua ili kubadili pate, angalia jambo moja. Kibano cha LGA1700 kinaikandamiza prosesa katikati mpaka kifuniko kinapinda kidogo, kipoza kinagusa vibaya. Kuna fremu ya chuma, Thermalright wanayo ya bei ndogo, inayochukua nafasi ya kibano hicho. Watu wanapata nyuzi kadhaa. Ifungwe kwa msalaba, kidogo kidogo, usikaze kama gurudumu la lori, la sivyo kumbukumbu itaanza kuleta makosa.

Kuhusu pate: kwa chumba kinachopanda na kushuka joto hivi, Honeywell PTM7950 naipenda kuliko pate zote. Ni karatasi nyembamba, inalainika kwenye nyuzi 45 hivi na kujisambaza yenyewe, haikimbilii pembeni miezi ikipita. Ihadhari tu na ya bandia, sokoni zimejaa. Ukikosa, Arctic MX-4 au MX-6 hazijamwangusha mtu.

Katuba_Fremu

Nimerudi na majibu. Kitufe cha Flashback nilikuwa nacho muda wote, kiko chini ya tundu la HDMI. BIOS sasa ina 0x12F. Nimechagua Intel Default Settings, kisha nikashusha PL1 na PL2 hadi 160. Radieta nimeivua nikaipeleka nje kuipuliza: upande wa ndani, kati ya feni na radieta, kulikuwa na blanketi la vumbi na masizi ya makala yaliyoshikana na mafuta, kwa nje halikuonekana kabisa. Pate nimeweka MX-4. Fremu ya chuma bado sijaipata.

Chumba leo ni nyuzi 32. Warzone inatembea 68 hadi 73. Sheda: 81, na zimechukua muda zaidi, nimekwenda kunywa maji nikarudi zimekwisha. Fremu za Warzone sioni tofauti, CS2 zimeshuka kidogo na bado ziko juu ya kioo.

Dola 600 bado ziko mfukoni. Mama, UPS gani?

Mama_Wati

Sasa i9 160, kadi 285, vingine 60 hadi 80. Hesabu 520. Na kadi unaweza kuishusha hadi asilimia 80 ya nguvu zake kwenye MSI Afterburner, hutaona tofauti kubwa, utabaki 460 hivi. Tafuta ya 1000 VA iliyoandikwa wati 600 au zaidi, usisome VA peke yake. Iwe ya wimbi la sine safi, kwa sababu pawa saplai za kisasa zenye PFC hai (sakiti ya kurekebisha uvutaji wa umeme) nyingine zinagoma kwenye zile za wimbi la ngazi, zinazima wakati wa kuhamia betri. Iwe na AVR pia, kirekebisha volteji, jioni umeme wetu unashuka mpaka taa zinakuwa nyekundu.

Ukiwa dukani omba waiwashe na mzigo halisi, si balbu moja. Wakikataa, nenda duka linalofuata.

Katuba_Fremu

Sawa mama. Nitabeba kesi yenyewe mpaka dukani.

Lava_Nyeusi

Vua kioo cha ubavuni kwanza.